Naomba ushauri: adapta ya WiFi ya USB inajitambulisha kama CD kila kompyuta ikiwashwa

Wakuu, habari zenu.

Adapta yenye chipu ya RTL8811CU, Ubuntu 24.04, kerneli 6.8. Kompyuta ikiwashwa adapta ikiwa imechomekwa, lsusb (amri ya kuorodhesha vifaa vya USB) inaonyesha namba ya kitambulisho 0bda:1a2b, yaani ile diski ya draiva za Windows iliyomo ndani yake. Kwenye dmesg (kumbukumbu za kerneli), usb-storage, yaani draiva ya diski za USB, inaidaka mara moja na sr0 (kiendeshi cha CD) inatokea, wlan (kiolesura cha WiFi) hakuna. Nikiichomoa na kuichomeka tena inabadilika kuwa 0bda:c811, yaani modi ya WiFi, na mtandao unapatikana. Amri hii ya usb_modeswitch, programu ya kubadilisha modi ya kifaa cha USB, nayo inafanya kazi:

sudo usb_modeswitch -K -W -v 0bda -p 1a2b

Kwa hiyo draiva ni nzima. Tafadhali msinielekeze kukompaili draiva ya GitHub. Draiva ya chipu hii, rtw88_8821cu, imo kwenye kerneli tangu 6.2, na kuweka mbili ni kuzigombanisha bure.

Dhana yangu ni kwamba usb-storage inapakiwa mapema kutoka kwenye initramfs (mfumo mdogo wa muda unaotumika mwanzoni mwa kuwaka), hivyo usb_modeswitch inakuta kifaa kimeshashikwa. Nafikiria kuweka mstari huu ndani ya /etc/modprobe.d/usb-wifi.conf, kisha sudo update-initramfs -u:

options usb-storage quirks=0bda:1a2b:i

Herufi i inaiambia usb-storage ikipuuze kifaa hicho.

Aliyewahi kutumia mstari huo: je, kanuni ya udev (huduma inayoshughulikia vifaa vinapochomekwa) bado inabadilisha modi yenyewe baada ya hapo, au lazima niandike yangu? Na kompyuta ikiamka kutoka usingizini, inabaki c811 au inarudi 1a2b?