Acheni kuigeuza The Simpsons kuwa kitabu cha utabiri. Mnaua mzaha wenyewe

Ndugu wadau wa katuni,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kila linapotokea jambo kubwa duniani, kabla hata habari yenyewe haijathibitishwa, huibuka mtu na picha ya wahusika wa rangi ya manjano na kututangazia kwamba The Simpsons, ile katuni ya televisheni ya Marekani, walikwisha kulitabiri. Hataji msimu, hataji sehemu, hataji mwaka wa kurushwa. Akibanwa, hujibu kwamba ukweli unafichwa na wakubwa. Hapo ndipo uchambuzi wa katuni hii ulipofikishwa, na sisi tunaoipenda kwa dhati tumekaa kimya vya kutosha.

Chukueni picha ya Donald Trump akiwa kwenye ngazi za umeme, inayosambazwa kwa maelezo kwamba ilirushwa mwaka 2000. Ni uongo. Trump alishuka kwa ngazi hizo katika jengo lake la New York tarehe 16 Juni 2015, alipokwenda kutangaza kwamba anagombea urais, na katuni fupi iliyomchora katika tukio hilo ilitolewa Julai mwaka huohuo. Waandishi waliona taarifa ya habari, wakaifanyia mzaha. Huo ndio utabiri wote. Kilichorushwa kweli Machi 2000 ni maneno machache ya Lisa, binti wa familia ya Simpson, ambaye katika sehemu hiyo ni rais wa siku zijazo, akilalamika kwamba amerithi hazina iliyokauka kutoka kwa Rais Trump. Hata hapo hapakuwa na muujiza, kwa sababu Trump alikuwa akiulizwa habari za urais kwenye televisheni tangu miaka ya 1980, na mwishoni mwa 1999 alikuwa ameanza kujipima kupitia chama cha Reform.

Linaloniudhi zaidi ni lile la Ebola. Katika sehemu moja ya mwaka 1997, Marge, mama wa familia hiyo, anaonekana na kitabu cha watoto ambacho jina lake limetaja kirusi cha Ebola, na kutokana na jalada hilo watu wazima wameandika kwamba katuni ilijua mlipuko wa Ebola utakaotokea mwaka 2014. Ebola ilitambuliwa mwaka 1976, ikapewa jina la mto ulioko kaskazini mwa Kongo, na mwaka 1995 iliua watu wengi mjini Kikwit. Inakuwaje msomaji wa Kiswahili, ambaye Kongo ni jirani yake au ni nchi yake, akubali kuambiwa kwamba ugonjwa huo uligunduliwa na wachora katuni wa Marekani?

Ile ya korona ni ya kughushi moja kwa moja. Wameunganisha picha za sehemu ya mwaka 1993, inayohusu homa iliyoingia Springfield, mji wa katuni hiyo, ndani ya maboksi kutoka Osaka, na picha ya mtangazaji Kent Brockman iliyotolewa katika sehemu nyingine kabisa ya mwaka 2010, kisha maneno yaliyokuwa kwenye skrini nyuma yake yakafutwa na kupachikwa jina la kirusi. Ukitazama sehemu zote mbili utaona jambo hilo bila kuhitaji utaalamu wowote, lakini hakuna anayetazama.

Nakubali kwamba kuna mfanano wa kweli hapa na pale. Mwaka 1998 katuni ilionyesha bango linaloitaja kampuni ya filamu ya 20th Century Fox kuwa tawi la Disney, na kweli Disney ilikamilisha kuinunua Machi 2019. Lakini kipindi kinachorushwa tangu Desemba 1989, chenye sehemu zaidi ya mia saba zilizojaa kejeli za siasa na biashara, kisipopatia hata mara moja ndipo tungeshangaa.

Na kinachopotea ni madokezo ya kweli, ambayo waandishi waliyatolea jasho. Sehemu ya Oktoba 1993 ambamo Sideshow Bob, mhalifu wa katuni hiyo, anajificha chini ya gari la familia ni kejeli ya filamu ya Cape Fear, ile ya 1962 na ile iliyorudiwa mwaka 1991. Asiyeijua filamu anacheka, anayeijua anacheka mara mbili. Lile tukio la Bob kukanyaga reki moja baada ya nyingine mpaka unachoka kucheka na kuanza kucheka upya lilirefushwa kwa sababu sehemu ilikuwa fupi kuliko muda uliotakiwa. Nani anaandika hayo?

Au tazameni ubao wa Homer, baba wa familia, katika sehemu ya Septemba 1998. Ameandika kwamba 3987 kwa kipeo cha 12, ukijumlisha na 4365 kwa kipeo cha 12, unapata 4472 kwa kipeo cha 12. Ukitumia kikokotoo cha kawaida, kitakuonyesha kwamba Homer yuko sahihi, na hivyo nadharia ya Fermat, inayosema kwamba usawa wa namna hiyo hauwezekani kwa namba nzima kipeo kikizidi 2, na ambayo Andrew Wiles alichapisha uthibitisho wake mwaka 1995, imeanguka! Sasa jumlisha tarakimu za kila namba. Mbili za kwanza zinagawanyika kwa tatu, ya mwisho haigawanyiki, kwa hiyo usawa huo hauwezekani. Kikokotoo kimekata tarakimu za mbali tu. Ni mtego uliotegwa na David X. Cohen, mwandishi aliyesomea fizikia na sayansi ya kompyuta, kwa ajili ya watu wachache watakaosimamisha picha na kukokotoa. Mnachosambaza ninyi kutoka ubao huohuo ni kwamba Homer aliigundua chembe ya Higgs, chembe ndogo sana inayochunguzwa na wanafizikia, ilhali wazo la chembe hiyo lilichapishwa mwaka 1964 na uzito alioukokotoa Homer haulingani na ule wa chembe iliyopatikana mwaka 2012.

Februari 1997 katuni yenyewe iliwakejeli mashabiki wa kupita kiasi, pale mmoja wao anapohoji kwa ghadhabu jinsi ubavu uleule wa Scratchy, paka wa katuni inayotazamwa ndani ya katuni hii, ukigongwa mara mbili kama zilofoni, ulivyotoa sauti mbili tofauti. Tulimcheka, lakini angalau yule alikuwa ametazama.

Kuanzia leo, anayeleta dai la utabiri aweke namba ya msimu, namba ya sehemu na tarehe ya kurushwa, pamoja na kipande cha video chenyewe badala ya picha moja iliyokatwa. Asiyekuwa navyo akae na picha yake.