Ndimu, asali au kamomaili: ipi inapunguza weusi wa nywele?

BintiShela
Assalam alaykum jamani. Nataka kupunguza weusi wa nywele hapahapa nyumbani, zifike kahawia tu, bila blichi ya saluni. Naambiwa ndimu, naambiwa asali, na kuna shoga yangu anaapa kwa chai ya maua ya kamomaili. Harusi ya kwetu ni baada ya Ramadhani. Nianze na ipi?

MamaRehema_Malindi
Waalaykum salaam mwanangu. Umeuliza lakini hujasema kitu. Nywele ni za asili au zina dawa? Umewahi kutia hina? Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, je? Bila hayo, kila atakayekujibu anapiga ramli.

Kassim_Langoni
Na weusi umekukosea nini?

TausiWatamu
Asali, shoga, usihangaike. Ukiichanganya na maji hutoa peroksaidi kidogo yenyewe, na hiyo ndiyo inayokula rangi. Sharti iwe mbichi. Ikipashwa moto kile kimeng'enya kinachotoa peroksaidi kinakufa, unabaki na nywele za kunata tu. Usichanganye na mafuta ya nazi kwanza, maji matupu. Paka, funika kwa mfuko wa plastiki (kama bado umeficha wa kabla ya marufuku ya 2017 😂), funga kitambaa, lala nayo. Rudia siku nyingine. Mdalasini ongeza ukitaka, ila wengine huwawasha.

BintiShela
Kaka Kassim, sikuuliza hilo. Mama Rehema, zina dawa. Na nilipaka hina kabla ya Idi, ile ya pakiti, nyeusi.

MamaRehema_Malindi
Hapo ndipo! Na ulitaka kulificha.

DukaLaDawa
Nauza dawa, si msusi, lakini hili nalijua. Hina ya majani ya mhina hutoa rangi ya chungwa au wekundu, haitoi nyeusi. Ikiandikwa hina na ikatoka nyeusi tititi, imetiwa kitu. Mara nyingi ni PPD, kemikali ya kutia weusi, ileile ya piko inayowatoa watu malengelenge mikononi. Pakiti nyingine zina chumvi za madini, na hizo zikikutana na peroksaidi nywele hupata moto na kukatika. Soma pakiti. Kabla ya yote kata nywele chache za kisogoni, zitie kwenye dawa unayotaka kutumia, uangalie.

Kamomaili ni ya wenye nywele za kimanjano. Kwenye nywele zetu utakunywa chai zaidi ya kuona rangi. Ndimu na jua, au hiyo asali, zikifanya kazi sana utapata wekundu kidogo unaoonekana ukisimama juani. Kahawia ya kwenye picha usitarajie.

TausiWatamu
Mimi zangu zimebadilika, na ni nyeusi.

DukaLaDawa
Unaogelea baharini?

TausiWatamu
Kila Jumapili.

Kassim_Langoni
Basi ni bahari hiyo, si asali. Watoto wanaoshinda majini vichwa vyao vyekundu, na hawajui hata asali inauzwa wapi.

MamaRehema_Malindi
Ndimu usiguse, mwanangu. Mpwa wangu alijipaka ndimu kichwa kizima, akaenda kuketi ufukweni Silversands ili jua "lishike rangi". Alikamulia ndimu nyingi, maji yake yakamtiririka kwenye paji la uso, nyuma ya masikio mpaka shingoni. Siku hiyo hakusikia kitu, akarudi nyumbani anajiangalia kwenye kioo. Siku ya pili ngozi ikaanza kuwaka kama aliyeunguzwa na mvuke, yakatoka malengelenge, na yalipokauka yakaacha mistari ya hudhurungi iliyofuata njia ya maji yaleyale: mmoja kila upande wa shingo, na mwembamba uliokwenda mpaka kwenye kola ya gauni. Mamake akadhani amepigwa. Daktari alimwambia ni ndimu na jua vimekutana kwenye ngozi. Alama zilikaa miezi, akahudhuria sherehe mbili na mtandio umezunguka shingo kwenye joto hili la kaskazi. Na nywele? Zilikuwa kavu kama makumbi, rangi ileile.

Kassim_Langoni
Hiyo ni ndimu. Limau halina shida.

DukaLaDawa
Limau nalo linayo, Kassim. Ndimu imezidi tu.

Kassim_Langoni
Bibi zetu walijipaka limau miaka yote.

MamaRehema_Malindi
Walijipaka ndani ya nyumba na kuoga kabla ya kutoka. Hawakwenda kuanikwa kama papa.

BintiShela
Pakiti nimeshaitupa. Nikiacha nywele zilizotiwa hina nikapaka asali kwenye zilizoota mpya tu?

TausiWatamu
Utakuwa na rangi mbili, shoga. Afadhali upake hina ya majani, nyekundu, ufanane na bibi harusi.

MamaRehema_Malindi
Juu ya nyeusi haitaonekana, Tausi.

DukaLaDawa
Na zenye dawa huvunjika upesi. Mimi ningesubiri zikue.

BintiShela
Harusi haisubiri 😩 Tausi, asali mbichi isiyotiwa sukari unaipata wapi? Ya hapa dukani naiona nyepesi mno.

TausiWatamu
Ya msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa Gede. Njoo na chupa yako.

Kassim_Langoni
Na mimi niletee, ya kunywa.