Nimeitwa Mombasa kuwa kocha wa kulipwa. Vijana wa ufuoni nimwachie nani?

KochaBamvua, Shela, Lamu

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Kuna jambo linaninyima usingizi tangu Ijumaa, nami nataka mawazo ya watu waliowahi kukaa kwenye benchi la ufundi.

Nina miaka 33, na huu ni mwaka wa tisa nafundisha vijana hapa Shela. Uwanja wetu ni ufuo, kwa hivyo ratiba ya mazoezi naipanga kwa mwezi wa mbinguni. Bamvua likiingia, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, saa kumi jioni maji yamejaa mpaka kwenye kuta, huna pa kuweka hata koni moja. Siku hizo twangoja Jumamosi saa nne asubuhi, maji yakishapwa, mchanga umeshikana, mpira wateleza kama juu ya zulia. Maji mafu yakija, yale yasiyojaa wala kupwa sana, twacheza jioni, lakini kwenye kipande chembamba, watano kwa watano, na mpira ukienda kushoto umekwenda baharini. Milingoti ni boriti za mikoko. Nyavu ni jarife kuukuu alilotupa mvuvi mmoja. Kijana aliyejifunza kumiliki mpira kwenye kile kipande, ukimpeleka uwanja mpana wa majani anauona kama jangwa.

Alhamisi hatugusi mpira. Twaokota plastiki kutoka gatini mpaka kwenye vilima vya mchanga, na asiyekuja Alhamisi Jumamosi hachezi, hata akiwa mfungaji wetu. Aliyetoroka chuoni kwa maalim wake pia hachezi. Wawili waliwahi kuingia kwenye unga wa kulevya, wakatoka. Watu husema mimi ndiye niliyewatoa. Ukweli ni kwamba mama zao na imamu wa mtaa ndio waliobeba mzigo. Mimi niliwapa mahali pa kuwa saa kumi jioni, saa ambayo zamani walikuwa hawana pa kwenda.

Sasa klabu moja ya Mombasa, iliyo ngazi moja chini ya Ligi Kuu, yanitaka niwe msaidizi wa kocha mkuu. Nina leseni ya ukocha ya CAF C, ya Shirikisho la Soka la Afrika, na tangu utotoni ndoto yangu ni kuwa kocha mkuu. Lakini katibu aliniambia kwenye simu: "Kocha, mambo ya mtaa utayaacha huko huko Lamu. Huku tunataka matokeo." Neno hilo limenichoma.

Nauliza: hizi kazi za mtaani zina faida yoyote kwa kocha wa kulipwa, au zilikuwa zanichelewesha? Na mtu anaondokaje bila kuwavunja watoto?

MzeeWaBenchi, Mombasa

Waalaykum salaam mwanangu. Nimefundisha timu nne, mbili zikiwa Ligi Kuu, na nakwambia kwa roho safi: katibu amekosea.

Mtazame kocha Francis Kimanzi. Amekulia ndani ya MYSA, chama cha vijana wa mtaa wa Mathare, Nairobi, kilichoanza 1987. Kule timu haikupanda kwa mabao tu. Ukisafisha mtaa, ukazibua mitaro, pointi zake zaingia kwenye msimamo wa ligi pamoja na zile za mechi. Sheria yako ya Alhamisi ni ndugu wa damu na ile. Humo ikazaliwa Mathare United mwaka 1994, ikatwaa kombe la taifa 1998, na 2008 Kimanzi akaipa ubingwa wa Kenya. Mwaka huo huo akakabidhiwa Harambee Stars, timu ya taifa. Sasa niambie, kazi ya mtaa ilimchelewesha wapi?

Ukocha mkuu, kwa niliyoyaona mimi, robo yake ndiyo mbinu. Kuna wiki nilikuwa na beki ambaye mshahara wake umekwama miezi miwili, mkewe amejifungua kwa kisu, na Jumapili twacheza na vinara wa ligi. Hapo ubao wa kuchora haukusaidii. Nilikwenda kwake, nikakaa kwenye mkeka, nikanywa chai ya mkandaa, sikutaja mpira hata mara moja. Jumapili alicheza dakika zote tisini. Hayo sikufundishwa kwenye kozi, niliyajua barazani, kwa kukaa na wazazi wa watoto niliokuwa nikiwafundisha Likoni.

Jambo la pili ni leseni. Ngazi ni D, C, B, A, kisha Pro. Ukitaka siku moja uongoze klabu kwenye mashindano ya CAF, bila A hukai kwenye kiti cha kocha mkuu. Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi, dai iandikwe kwamba utapewa ruhusa ya kwenda kozi ya B na karo italipwa na nani. Mimi niliahidiwa kwa mdomo. Nikangoja miaka mitatu.

Mtu_wa_Maweni, Malindi

Mzee amesema kweli, lakini mimi nakuhofia kaka. Kiti cha kocha ni cha moto. Tazama Harambee Stars peke yake: Sébastien Migné aliipeleka timu Kombe la Mataifa ya Afrika, Misri 2019, tukawafunga Tanzania 3-2, na Agosti mwaka ule ule akaondoka. Kimanzi akashika mikoba, Oktoba 2020 akaondoka. Akarudi Ghost Mulee, yule yule aliyetupeleka kombe hilo hilo Tunisia 2004, naye Septemba 2021 akaondoka. Akaja Engin Firat mpaka Desemba 2024. Kama timu ya taifa ni hivyo, klabu ya daraja la chini itakuvumilia mechi ngapi?

Lakini usiogope neno "msaidizi". Benni McCarthy alikuwa tayari amekuwa kocha mkuu Cape Town City na AmaZulu, na bado 2022 alikubali kwenda Manchester United kuwa msaidizi chini ya Erik ten Hag, akiwanoa washambuliaji. Machi 2025 akaja kwetu kuinoa Harambee Stars, na Agosti ile kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, sote tuliona, Morocco imelala 1-0 Kasarani. Msaidizi ni shule.

Ila nyumba ya Shela usiibomoe. Ukifutwa, urudi penye kitu.

MamaNambaSita, Lamu

Mwalimu, mimi ni mmoja wa wale mama unaowapigia hodi. Sikujua kama wataka kuondoka, nimejulia humu, na nimelia kidogo. Lakini nenda.

Nataka nikwambie usiloliona kwa kuwa wewe wakaa katikati ya uwanja. Watoto hawakungoji tena. Bamvua lililopita ulikuwa Mokowe, na mwanangu pamoja na wenziwe walihesabu maji wenyewe, wakachimba boriti, wakagawana timu. Yule kijana mrefu ambaye zamani ukimkaripia analia, ndiye aliyewapanga. Alimtoa mdogo wake nje kwa sababu hakuja Alhamisi. Mdogo wake wa tumbo moja! Nilisimama kwenye ngazi nikashangaa.

Basi mpe yeye kipenga. Mpeleke kozi ya leseni ya D. Mipira na daftari la mahudhurio nitaweka mimi ndani kwangu, mlango wangu uko karibu na ufuo kuliko wote. Wazee wa msikitini wakiuliza, nitajibu mimi.

Na nina ombi moja. Binti zangu wawili hutazama mazoezi kutoka dirishani. Kilifi kuna Moving the Goalposts, tangu 2001 wanacheza wasichana, wanavaa mavazi yao ya stara na wanafundishwa mambo ya afya pamoja na mpira. Kabla hujaondoka, tutafutie saa yao kwenye yale maji yako.

KochaBamvua, Shela, Lamu

Ahsanteni sana. Mama, maneno yako nimeyasoma mara tatu nikiwa kwenye boti.

Nimempigia katibu leo asubuhi. Nimemwambia kwamba hiyo tabia ya Alhamisi nakuja nayo, na nikamweleza habari za Mathare United na ubingwa wa 2008. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema tuanze na timu ya vijana wao, mara moja kwa mwezi, tuone. Kozi ya B ameahidi, nami nimemwomba aiandike kwanza. Nimeomba pia nipewe mwisho wa wiki mmoja kila mwezi, ule wa bamvua usiogongana na mechi, nipande basi nije. Hilo bado hajajibu, na sitii sahihi kabla hajajibu.

Kijana mrefu nimekwenda kwao jana baada ya Isha. Babake alikuwepo. Nilipomwonyesha kipenga hakukipokea, aliuliza kwanza: "Na wewe kocha ukirudi, nitakurudishia?" Nikamwambia hapana, ni chako.

Saa ya wasichana nimeiangalia kwenye kalenda ya maji. Jumapili ya wiki ijayo maji yapwa karibu saa tano asubuhi, na ufuo wa upande wa vilima hauna watu. Mama, waambie waje na wenzao, wakiwa kumi twaanza.