Programu ya kuchorea majengo inayogoma ukiweka mteremko kwenye bomba la maji taka: nimechoka jamani!

Wakuu, saa nne usiku hii niko ofisini, chai imepoa, na hasira zimenifika hapa kooni. Jina la programu silitaji. Wanaochora mifumo ya maji watakuwa wameshaijua kabla ya aya ya tatu.

Kazi yenyewe ni hosteli ya ghorofa nne, Dodoma. Chini ni maduka, kwa hiyo mabomba ya wima ya vyoo hayawezi kushuka moja kwa moja. Yanapokelewa na bomba moja la milimita 110 linalotambaa ndani ya dari ya maduka, mita 16, mpaka ukutani, halafu chemba. Nilianza na mteremko wa 1:40. Mita 16 hapo zinashuka sentimita 40. Ongeza 15 za elbo (kona ya bomba) na kiungo pale mwanzo chini ya slebu, ongeza nusu ya unene wa bomba, unapata 60 na kidogo. Nafasi ya dari ni 60. Bomba linachungulia dukani.

Dawa kila mtu anaijua: laza kidogo iwe 1:60, linashuka sentimita 27 tu na maji bado yana kasi ya kusukuma mzigo. Namba moja. Nimebadilisha NAMBA MOJA, wakuu.

Programu ikashikilia mwisho wa chini, ikaushusha ule wa juu. Yaani bomba bado linachungulia palepale, na mabomba ya wima yote yameachana nalo. Matawi ya sinki na vyoo yamebaki na 1:40 yao, yananing'inia hewani kama nguo kwenye kamba. Kisha kikaja kile kiboksi cha njano: hakuna njia ya kuunganisha iliyopatikana. Nikarudisha nyuma, nikajaribu kuanzia upande wa pili. Wai tatu, vile viungo vya umbo la Y vya kuingizia tawi, zikafutika zenyewe, bila hata hodi.

Na hizi wai ndizo zinazonitoa roho. Tawi lenye mteremko likiingia kwenye bomba kuu lenye mteremko wake, ile pembe haiwezi kuwa 45 kamili, inapotoka kidogo. Fundi saiti hata halioni kama ni tatizo. Anaizungusha wai iangalie juu kidogo, anapaka gundi, anaweka pima maji juu yake, anaita kiungo kinachofuata. Plastiki inavumilia. Hata wenye viwanda wanalielewa hili, ndiyo maana kuna elbo za digrii 87.5 badala ya 90, mteremko umeshaingizwa humo humo. 1:40 ni kama digrii 1.4 tu! Lakini programu yetu, ambayo leseni yake ya mwaka siitaji bei nisije nikalia, inataka 45 au 90, la sivyo haijui wewe ni nani.

Sasa mje mniambie kama bosi alivyoniambia jioni: "Kijana, chora flati, bila mteremko, andika 1:60 pembeni, tupeleke kazi."

Bosi, shikamoo, lakini hapana. Kazi iliyopita tulifanya hivyohivyo. Kwenye modeli bomba flati lilipita juu ya dakti (njia ya hewa) ya kiyoyozi, nafasi sentimita 8, ukaguzi wa migongano ukatoa sifuri, tukapongezana. Saiti, bomba lilipofika pale lilikuwa limeshashuka sentimita 20. Fundi akanipigia simu, sauti imetulia kabisa: "Injinia, nikate lipi, la maji au la hewa?" Dakti ikahamishwa. Nani alilipa na nani alitukanwa, hilo tuliache.

Bomba la maji safi lichore utakavyo, lina presha, litapanda hata ukutani. La maji taka halina kingine zaidi ya mteremko wake. Sasa kwa nini waliotengeneza hii kitu wameuweka kama pambo, kitufe cha kubonyeza ukishamaliza kuchora?

Na msinijie na "weka mteremko kwanza ndiyo uchore." Niliweka. Nilianza kutoka chembani nikapanda juu, kama wanavyofundisha kwenye video. Inafanya kazi vizuri sana mpaka msanifu ahamishe choo sentimita 60, na msanifu wetu huhamisha choo kila Alhamisi.

Mwenye maktaba ya viungo ambavyo vinakubali pembe kupotoka digrii mbili tatu, aje PM. Soda ipo.

NYONGEZA, saa 5:40 usiku: nimefuta bomba zima la mita 16, nachora upya kwa mkono, kipande kwa kipande, kila usawa naandika mwenyewe. Niko kiungo cha 9 kati ya 23. Msanifu ametuma ujumbe sasa hivi, sijaufungua.