Nani alikufunda, nani alikufundisha? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita nilikwenda Ilala kumuaga fundi wangu wa cherehani. Amezeeka, anarudi kwao Rufiji. Nilikaa kwake miaka 3 kabla sijafungua banda langu. Nikamwambia mbele ya wanawe, "Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha kazi." Akatikisa kichwa. "Sikukufundisha, mwanangu. Ulikaa kwangu."

Sijalala vizuri tangu siku ile. Kweli, hakuwahi kunieleza kitu kwa mpangilio. Miezi ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kufumua tu. Ananipa gauni lililoharibika na wembe, nafumua mshono mmoja mmoja. Ukivuta uzi kwa pupa kitambaa kinabaki na matundu, na mteja anayaona. Humo kwenye kufumua ndimo nilimoona nguo inavyoungana: bega linatangulia, mkono unafuata, pindo mwisho. Neno lake lilikuwa moja, "Tazama mkono wangu."

Fundi, fundisha, mwanafunzi, mkufunzi, yote ni ukoo mmoja wa funda na funza. Mwalimu na elimu vimetujia kutoka Kiarabu. Naona tunayatumia maneno haya kama mamoja, na kuna kitu tunakipoteza. Leteni ya kwenu.

Mama wa Mbagala
Mimi Mzaramo. Nilipovunja ungo, bibi mzaa mama alimwita kungwi. Maneno yake ya kwanza: "Shuleni wanakufundisha, mimi nimekuja kukufunda. La kufundishwa ukisahau utafungua daftari. La kufundwa ukisahau, tutaulizwa sisi." Mengi ya mle ndani hayasemwi hapa. Hili naweza kulisema: alinirudisha mlangoni mara 4 nikaamkie upya, mpaka shikamoo yangu ikatoka taratibu na macho yakatulia.

Mwaka jana nilikuwa kwenye kitchen party ya binti wa dada yangu, Sinza. Kila shangazi alipewa kipaza sauti dakika chache. Walisema vizuri, lakini kesho yake hakuna aliyebaki na yule binti. Ile mimi naiita nasaha. Kufunda ni kukaa na mtu.

Wa Posta
Kwetu Tanga kumwelekeza mtu ni kumwonyesha njia: nenda mpaka kwenye mwembe, kata kulia. Nimeanza kazi ofisi moja hapa mjini, wiki ya kwanza bosi akaandika kwenye jalada, "Tekeleza kama nilivyoelekeza." Nikamfuata nikamwomba anionyeshe namna ya kufanya. Alinitazama kama niliyemtukana. Mwenzangu ndiye aliyenieleza nje: maelekezo ni amri. Sikiliza hata taarifa ya habari, kiongozi "ametoa maelekezo", na kila mtu anajua halina mjadala hilo. Iliniuma, maana nilihitaji kuonyeshwa kweli. Siku hizi akija kijana mpya kwangu namwambia mapema, nikikuelekeza, uliza.

Buguruni
Kuhitimu. Chuo kikuu nilihitimu nikapewa cheti, nikatoka. Madrasa nilihitimu Kurani, maalim akaja mwenyewe nyumbani, tukala pilau, akamwambia baba, "Mwanao huyu, deni langu nimelimaliza." Cheti nimeshakifungia kabatini. Ile sauti ninayo.

Dereva, Gongo la Mboto
Nimekulia Pugu, alikokuwa akifundisha Nyerere kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Baba akitaja "Mwalimu" alikuwa anashusha sauti kwa heshima. Urais wake hakuutaja kabisa, alitosheka na Mwalimu.

Mimi neno kufunza nilivyolijua shule ni vingine. Mwalimu wangu mmoja akisema "leo nitakufunza", ujue fimbo iko mezani. Mtaani hivyo hivyo, mtu akitaka kukupiga anasema atakufundisha adabu. Nimekua mtu mzima na bado nikisikia "nitakufunza" mabega yananikaza.

Juzi jioni nimepaki gari, binti yangu wa darasa la 3 anahangaika na hesabu za kukopa. Nikamwita, "Njoo nikufunze." Ilinitoka tu, nikajuta papo hapo. Akaja mbio na daftari, akakaa mapajani, akasema, "Anza na hii, baba."