Ufunguo wa rimoti unawekwa wapi ukiingia baharini?

Mwogeleaji
Habari za muda huu wakuu. Naomba kujuzwa na wanaoogelea baharini au kuteleza na ubao mawimbini. Gari ni la kuwasha kwa kitufe. Ufunguo wake ni ile rimoti ya kukaa nayo mfukoni: ukishika kitasa, mlango unafunguka wenyewe. Ndani ya rimoti kuna kipande kidogo cha ufunguo wa chuma.

Naingia majini peke yangu, saa moja na nusu hadi mbili, na ufukweni hakuna wa kumwachia kitu. Kuificha rimoti juu ya tairi naona ni sawa na kuacha mlango wazi, maana gari linaisikia na litamfungulia yeyote. Zimebaki njia tatu: kuingia nayo majini kwenye mfuko usiopitisha maji, kuifungia garini, au kile kisanduku chenye kufuli la namba. Ipi ya kuaminika, na kila moja inaharibikia wapi? Na maji ya chumvi yakishaingia kwenye rimoti, cha kufanya kwanza ni nini?

FundiFunguo
Mkuu, kinachoingia majini kiwe chuma kitupu. Chenye betri kibaki nchi kavu. Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote, ila inataka maandalizi ya siku moja.

Mpelekee fundi wa funguo hicho kipande cha chuma kilichomo ndani ya rimoti, akuchongee nakala isiyo na chipu. Nakala hiyo inafungua mlango tu. Haiwashi gari, kwa sababu immobilaiza, yaani kinga ya gari dhidi ya kuwashwa na mwizi, inataka chipu iliyomo kwenye rimoti, kwa hiyo ikizama hasara ni ndogo. Omba ichongwe kwenye shaba, si chuma cha kushika kutu, na iwe na tundu la kupitisha kamba. Kipande cha asili kibaki nyumbani, ndicho kitakachochongewa nakala nyingine siku ikihitajika.

Kabla ya kuitegemea, jaribu tundu la mlango. Kwenye magari mengi ya kitufe tundu limefichwa nyuma ya kifuniko cha plastiki karibu na kitasa cha dereva. Tafuta mwanya mwembamba upande wa chini wa kifuniko, vuta kitasa, ingiza ncha ya ufunguo, inua taratibu mpaka kifuniko kiachie. Silinda, yaani sehemu ya kufuli inayozungushwa na ufunguo, ikikaa miaka bila kuguswa huwa kavu au imeshikwa na chumvi. Puliza unga wa grafiti kidogo, kisha ingiza na kutoa ufunguo mara kadhaa kabla ya kuuzungusha. Grisi usitie, inakamata mchanga. Ukikataa kuzunguka usilazimishe, maana shaba ni laini, na ufunguo uliokatikia ndani ya silinda ni kazi nyingine kabisa.

Kufunga ni hivi: funga milango mingine kwa swichi ya ndani, toka, rudisha mlango wa dereva, kisha zungusha ufunguo. Kuna magari ambayo ufunguo wa chuma unafunga mlango wa dereva peke yake, kwa hiyo vuta kila kitasa, na buti pia.

Jingine ni alamu. Magari mengi yakifunguliwa kwa chuma yanahesabu kuwa yamevunjwa na kuanza kupiga kelele. Yananyamaza ukibonyeza kufungua kwenye rimoti, au ukiwasha gari. Kwa hiyo rimoti iwe mahali ambapo mkono wako unaifikia upesi, lakini jicho la mtu wa dirishani haliioni.

Majini, funga nakala kwenye kikamba cha ndani ya mfuko wa ufunguo wa suti ya mpira. Kama ni kaptula, pitisha kamba ya kiunoni ndani ya tundu la ufunguo ndipo ufunge fundo. Kile kimfuko kilichoko kwenye mkanda wa mguuni wa kamba ya ubao usikitumie. Mkanda ukifunguka au ukikatika, ubao na ufunguo vinaondoka pamoja, na wewe unabaki kuogelea.

Saketi
Namuunga mkono FundiFunguo, ila rimoti iliyobaki garini lazima inyamazishwe. Ikiwa hai ndani ya gari, moja kati ya mawili: gari linakataa kufungwa na kupiga mlio, au linafungwa lakini linamfungulia mgeni.

Watu wanasema "zungushia foili" bila kueleza kwa nini mara inafanya kazi, mara haifanyi. Gari linaiita rimoti kwa masafa ya chini, kama 125 kHz, na linasikika umbali wa mita moja hivi. Rimoti inajibu kwa masafa ya juu, 315 MHz au 433.92 MHz kutegemea soko la gari. Ili alumini izuie vizuri 125 kHz inatakiwa unene unaozidi robo ya milimita, na foili ya jikoni ni kama 0.016 mm tu. Kwa hiyo mwito wa gari unaweza kupenya. Kinachozuiwa vizuri ni jibu, kwa sababu kwa 433 MHz hata unene huo mdogo unatosha. Lakini jibu linatoroka kwenye nafasi yoyote iliyo wazi. Kona iliyochanika au mkunjo uliofunguka unatosha kuharibu kazi yote.

Kwa hiyo tumia tabaka tatu au nne, kila ukingo ukunje mara mbili na ubane kwa ukucha. Kisha tia kifurushi hicho ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko wa kubana. Foili iliyokwisha kukunjwa mara nyingi ina vitundu. Inyanyue kwenye mwanga utaviona, itupe. Mifuko maalumu ya kuzuia ishara inafanya kazi nzuri ikiwa mipya, ila kitambaa chake cha ndani kinachoka kwenye mikunjo, kwa hiyo nayo ijaribu kila baada ya muda.

Jaribio lifanywe nyumbani, dirisha la dereva likiwa wazi kabisa. Weka kifurushi mahali penyewe kitakapokaa, kwa sababu antena za gari zimesambazwa ndani, na penye usalama kwenye siti ya nyuma si lazima pawe na usalama kwenye buti. Funga milango, subiri dakika moja, vuta vitasa vyote, bonyeza cha buti. Kisha ingiza mkono dirishani ubonyeze kitufe cha kuwashia. Gari likiandika kwamba ufunguo hauonekani, umefaulu.

Kuna njia safi zaidi kwa baadhi ya magari. Rimoti nyingi za Toyota zina hali ya kulinda betri: shikilia kitufe cha kufunga, na huku umekishikilia bonyeza cha kufungua mara mbili, taa ndogo imulike mara nne. Hapo rimoti haimjibu tena mtu anayeshika kitasa. Kubonyeza kitufe chochote kunairudisha kazini, kwa hiyo isikae mahali itakapobanwa na begi au chupa. Kwenye Subaru nyingi unashikilia kufunga na kufungua kwa pamoja zaidi ya sekunde 5. Tena baadhi ya Subaru zinakuruhusu kuweka namba ya siri ya tarakimu tano, ukaibonyeza kwa kitufe cha mlango wa nyuma, na gari likafunguka bila ufunguo wowote. Hapo hata nakala ya shaba inakuwa ya akiba tu. Angalia kitabu cha gari lako kabla ya kununua chochote.

Kama gari halina hali hiyo, toa betri ya rimoti. Bila betri haijibu ng'o. Ukirudi unairudisha, au unaegemeza rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, kwa sababu chipu ya immobilaiza inapata nguvu kutoka kwenye gari lenyewe. Udhaifu wake ni kwamba mwizi anayejua hilo, akishavunja kioo na kuipata, naye ataondoka na gari. Na soma mkataba wa bima: kampuni nyingi hazilipi gari lililoibwa ufunguo ukiwa ndani.

Mzamiaji
Mimi niseme juu ya mfuko, kwa sababu wapo ambao gari lao halina tundu la ufunguo linalofanya kazi na hawana budi kuingia na rimoti majini.

Msidanganywe na alama za kuzuia maji zinazoandikwa kwenye mifuko. IPX7 maana yake ni mita 1 kwa dakika 30. IPX8 ni zaidi ya hapo, kwa kina na muda ambao mtengenezaji mwenyewe ameutaja, kwa hiyo tafuta hizo namba kwenye maandishi yake. Vipimo vyote viwili ni vya maji yaliyotulia. Wimbi linalokupiga mgongoni linasukuma maji kwa nguvu ambayo ndoo haina. Yale mabegi ya kukunja mdomo yanazuia mvua na mnyunyizo, hayakutengenezwa kuzamishwa, hata ukiyakunja mara nne.

Jaribu mfuko mtupu kwanza. Tia tishu kavu na jiwe dogo laini, funga, zamisha kwenye ndoo kwa nusu saa, na katikati ya muda uuminye kwa mikono miwili. Ukitoa, suuza nje, kausha mdomo kwa taulo, ndipo ufungue. Mtu akifungua ukiwa bado unatiririka, tone lililojificha kwenye midomo ya mfuko linateremka ndani, naye anadhani mfuko umevuja.

Mfuko mara nyingi unavuja mdomoni, kwenye chembe moja ya mchanga au unywele mmoja ulionasa. Pangusa midomo yote miwili kwa kidole kikavu kila unapofunga. Sukuma hewa itoke kabla ya kubana, kwani hewa nyingi inaufanya mfuko uelee na kuvutana na mkanda, na hewa ya joto la garini ikifika kwenye maji baridi inatoa umande juu ya rimoti. Pakiti ndogo ya silika, zile chembe za kunyonya unyevu, inasaidia. Mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, ni bora kuliko mmoja wa bei kubwa. Vaa ndani ya suti, kifuani au kiunoni, usiuninginize nje.

Kwa wanaozama, mfuko laini haufai. Kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya juu ya maji, hewa iliyomo inabaki nusu, na plastiki inabana vitufe. Chukua kikopo kigumu chenye kina kilichoandikwa na pete ya mpira. Pete hiyo ipakwe silikoni kidogo, ing'ae tu bila kuacha madonge, na ikaguliwe kwa kidole kabla ya kila mzamo.

Mwogeleaji
Shukrani sana wakuu. Sijaona mtu akigusia kisanduku chenye namba.

FundiFunguo
Kinafaa, kwa masharti. Kifungwe kwenye kitu kilichochomelewa kwenye fremu. Ile pete ya kuvutia gari inayoingizwa kwa kuzungushwa haifai, maana inatoka vilevile ilivyoingia. Rimoti ndani yake bado inyamazishwe, kwa sababu mfuniko wa kisanduku una nyufa na gari liko hatua moja tu. Chumvi na mchanga vinakwamisha magurudumu ya namba. Suuza kwa maji baridi kila ukitoka ufukweni, kausha, puliza silikoni kidogo. Na zungusha namba ukiwa umeupa mgongo umati. Anayevizia anatazama mikono ya mtu anayevaa suti kando ya gari.

Saketi
Kuhusu rimoti iliyoingia maji ya chumvi: usibonyeze kitufe kuona kama bado inafanya kazi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, na volti 3 za betri ndizo zinazoila shaba ya saketi. Kila dakika betri ikiwa ndani, njia nyembamba za shaba zinayeyuka, na unga wa kijani unaanza kuota kwenye miguu ya vipuri.

Fungua pale pale ufukweni, toa betri. Kama una maji ya kunywa, suuza hapo hapo kwa wingi. Watu wanaogopa kuongeza maji, lakini bila betri maji safi hayaidhuru, na chumvi ikikaukia humo itaendelea kuvuta unyevu hewani. Ukifika nyumbani suuza tena, ikiwezekana kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, halafu kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Sugua taratibu kwa mswaki laini kuzunguka vibano vya betri na chini ya vitufe. Acha wazi penye upepo kwa saa 24 hadi 48. Usiizike kwenye mchele, hauondoi chumvi na unaacha vumbi. Joto kali la mashine ya nywele linapinda plastiki na kukaza mpira wa vitufe.

Tia betri mpya ya namba ile ile iliyoandikwa kwenye ya zamani, mara nyingi CR2032. Ile ya zamani usiirudishe hata ikionekana nzima. Vitufe vikikataa, egemeza rimoti kwenye kitufe cha kuwashia. Gari likiwaka, chipu iko salama, na fundi anaweza kushughulikia saketi bila kuanza ufunguo upya.