Nyanya zikifurika: kugandisha, kukausha, kufunga kwenye chupa au kuacha zipite?

Kijungu_Jiko
Wakuu, habari za majukumu. Msimu wa nyanya umewadia na bei imeporomoka. Msimu uliopita niliingiwa na tamaa, nikabeba tenga zima, na theluthi yake ikaishia kwenye pipa la taka. Miezi mitatu baadaye nikawa nanunua nyanya ngumu zisizo na ladha, tena kwa bei ya kuumiza. Safari hii nataka kujipanga.

Tuko wanne nyumbani. Joto likipanda hakuna anayetaka kusimama jikoni: ni saladi, matunda na vitu vya baridi. Baridi ikiingia ni supu na mchuzi mzito kila jioni, na hapo ndipo nyanya zinapohitajika kwa wingi wakati sokoni hazipo. Waliojaribu njia zote, nisaidieni.

Sufuria_Kubwa
Friza, mkuu. Mimi nyanya hata sizipiki. Naziosha, natoa vikonyo, natandaza kwenye sinia zisigusane. Zikishaganda natia kwenye mfuko na kuukamua hewa yote. Siku ya mchuzi natoa tano, napitisha kwenye maji ya bomba, ganda linavuka lenyewe kama soksi.

Ila saladi sahau. Maji ya ndani yakiganda yanapasua kuta za seli, nyanya ikiyeyuka inakuwa teketeke. Mboga za majani na maharage mabichi nazo usizitupie tu kwenye friza. Zichovye kwanza kwenye maji yanayochemka dakika 2 au 3, kisha kwenye maji ya barafu. Ukiruka hatua hiyo, vimeng'enya (vichocheo vya asili vilivyomo ndani ya mboga) vinaendelea kuziharibu polepole hata kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na utakuja kula kitu chenye harufu ya nyasi kavu. Niliruka mara moja. Hata paka alinusa akaondoka.

Giza_Totoro
Na umeme ukikatika?

Sufuria_Kubwa
@Giza_Totoro friza iliyojaa inashika baridi kama saa 48 usipoifungua. Iliyojaa nusu, saa 24. Tatizo ni watoto kufungua kila dakika "kuangalia kama imeyeyuka".

Anika_Juani
Mimi nakausha, kwa sababu ya nafasi tu. Nyanya ni maji karibu asilimia 94, kwa hiyo kilo 10 zikikauka vizuri hazifiki hata kilo moja, na hazihitaji umeme kukaa kabatini. Kata vipande vya nusu sentimita, vyote unene mmoja, maana vinene vitabaki na unyevu katikati na kuambukiza ukungu vyenzake. Ukikunja kipande kikivuja, bado.

Siri ambayo wengi hawaijui: vikikauka usivifungie moja kwa moja. Tia kwenye chupa ya kioo, uwe unaitikisa kila siku kwa wiki moja. Ukiona umande kwa ndani, rudisha vipande vikauke tena. Na kama anga halieleweki, usianze. Siku mbili za mawingu na mvuke hewani zilinimalizia sinia nne. Siku hizi namalizia kwenye oveni yenye moto mdogo, mlango ukiwa wazi kidogo.

Limau_Kali
Naomba mnaofikiria chupa mnisikilize, maana hapa watu hucheza na maisha. Bakteria wa botulizimu, yaani wanaotoa sumu kali ya chakula inayoweza kuua, hupenda mahali pasipo hewa na pasipo asidi ya kutosha, na mpaka ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha asidi; namba ikipanda, asidi imepungua). Nyanya ziko karibu kabisa na mpaka huo, nyingine huuvuka. Ndiyo maana huongezwa juisi ya limau, vijiko 2 vya mezani kwa chupa ya kama lita moja, na iwe ile ya dukani ambayo ukali wake haubadiliki. Kisha chupa zichemshwe zikiwa zimezama kabisa majini, kwa muda unaotajwa kwenye mwongozo unaoaminika.

Maharage mabichi, nyama au supu? Sufuria ya kawaida haitoshi hata uchemshe mchana kutwa, kwa sababu mbegu za bakteria hao huvumilia nyuzi 100. Lazima mtambo wa presha uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Na sumu yake inaweza isionekane wala kunuka, kwa hiyo "nilionja iko sawa" si hoja.

Kikapu_Kidogo
Mimi naona mnajitesa. Nyanya zikiisha, nabadili chakula. Kipindi cha baridi ni maharage makavu, viazi, kabeji, maboga. Wakati wa joto naenda sokoni mara tatu kwa wiki kwa sababu majani yananyauka kesho yake. Wakati wa baridi, mara moja kwa siku kumi. Viazi na vitunguu naviweka mbalimbali, gizani, penye hewa. Nyanya mbichi usizitie kwenye friji kabla hazijaiva, baridi inaua harufu yake. Basi.

Sufuria_Kubwa
Dada, hoja yako nzuri, lakini mchuzi wa maharage bila nyanya tunauita nini?

Kikapu_Kidogo
Tunauita chakula cha jioni, na sahani zinarudi zikiwa tupu.

Kijungu_Jiko
Nimewaelewa. Nitanunua nusu tenga badala ya zima. Nyingi zinaingia friza kwa ajili ya mchuzi, kilo tatu nitajaribu kukausha hali ya hewa ikitulia. Chupa naziacha, @Limau_Kali umenitisha kweli.

Giza_Totoro
Andika tarehe na jina kwenye kila mfuko. Kwetu kuna kitu chekundu kwenye friza, tuna misimu miwili tunabishana kama ni nyanya au pilipili, na hakuna anayejitolea kuonja.